Lavenda, ukuta wa kijani na laki nane mkononi: kicheni pati ya nyumbani inaanzia wapi?

Swali: Shikamoo anti. Naishi Tabata, mdogo wangu anaolewa mwezi wa 12 na tunataka tumfanyie kicheni pati hapahapa nyumbani, watu 60. Yeye anataka lavenda na goldi kama alivyoona Instagram. Mama anataka mambo ya kanga na wazee wakae na mwali. Ukuta wetu wa nje ni kijani na hela ya kupaka upya hamna. Mapambo tumetenga laki nane. Halafu mwezi wa 2 wifi yangu ana beibi shawa, je vitu vilevile naweza kuvitumia tena? Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kumsimamia mdogo wako, maana dada ndo anabeba shughuli yote mgongoni hata kama jina lake halimo kwenye kamati. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu swali la aina hii naletewa karibu kila wiki, mtu ana picha kwenye simu na ana nyumba yake, viwili hivyo havifanani, sasa anahisi kinachokosekana ni hela. Mara nyingi sio hela.

Naanza na kitu ambacho mpambaji wako anaweza asikwambie kwa sababu yeye analipwa kwa kupamba. Chukulia uwanja wenu ni kama mita 7 kwa 9. Mtu mmoja kwenye kiti anakula karibu mita moja ya mraba ukihesabu na njia za kupitisha sahani, kwa hiyo watu 60 wakikaa uwanja umejaa. Na wakishakaa, macho yanaona nini? Vitambaa vya meza huvioni tena, maua ya mezani yamezibwa na migongo ya watu. Unaona magauni, vilemba, mitandio. Rangi ya shughuli yenu ni nguo za wageni, hayo mapambo mengine yanasindikiza tu. Nimeshaona ukumbi wa mamilioni umepambwa pichi na nyeupe halafu wageni wameambiwa "vaa unachopenda", picha zote zikatoka kama siku ya mnada, na nimeona uwanja wa nyumba ya kawaida Mbagala una mikeka na pazia moja tu ila wanawake wote wamevaa kijani, yaani mpaka leo nikifumba macho nauona.

Kwa hiyo anzia kwenye sare, na hapo ndo kwenye kazi kubwa. Ukiandika kwenye kadi au kwenye grupu la WhatsApp neno "lavenda" peke yake, umekwisha. Kila mtu ataenda Kariakoo na lavenda yake kichwani, mmoja atarudi na pinki, mwingine na rangi ya bilinganya, mwingine kijivu kwa sababu muuzaji amemwambia "dada hii ndo lavenda ya kisasa". Ziko njia mbili za kuepuka hilo. Ya kwanza, kamati inunue kitambaa kimoja, jora moja, kila mtu anakatiwa wake na analipia. Sisitiza jora moja, kwa sababu kitambaa chenye jina lilelile na duka lilelile kikitoka jora nyingine rangi inaweza kupishana, ikipishana kidogo tu dukani huioni ila mkikaa bega kwa bega kwenye picha inaonekana waziwazi. Njia ya pili, na mie ndo naipenda kwa shughuli ya nyumbani, waambie zambarau zote ruksa, kuanzia ile iliyopauka ya lavenda mpaka ile nzito ya bilinganya. Mashangazi na mama wadogo wavae zile nzito, mashosti wa mwali wavae zile nyepesi, na mwali peke yake avae nyeupe au goldi. Tofauti zikishakuwa za makusudi zinageuka uzuri, mnakuwa kama zambarau zenyewe kwenye ungo, hakuna tunda linalofanana na lingine na zote zinapendeza.

Kuna jambo hapa linaniuma na lazima niliseme. Sare inafukuza watu. Yupo jirani yenu alikuwa anamlea huyo mwali akiwa mdogo, anampenda kweli, ila elfu arobaini ya kitambaa na fundi hana, hatasema hana, atasema anaumwa. Usimuache huyo. Nunua shifoni ya lavenda mita 10, upana wake unakuwa kama mita moja na nusu, ikate vipande vya nusu mita unapata vilemba 20. Viweke kwenye kikapu pale mlangoni, anayeingia bila sare anafungwa kilemba na mdada mmoja mchangamfu anayejua kufunga, anaingia ndani ana rangi kama wenzake na hakuna anayejua. Kwenye laki nane yako, hii ndo hela ya kwanza kuitoa. Kabla ya baluni na kabla ya maua.

Cha pili ni tenti, na hapa sikiliza vizuri sana. Miaka ya mwanzo ya kazi hii nilipamba pichi na krimu nyumbani kwa watu, kitambaa kizuri, nimepiga pasi usiku kucha, halafu mwenye tenti akaleta turubai la bluu kwa sababu nyeupe zimeisha. Niliona sio neno. Ilipofika saa tisa jua likipiga kila kitu kikawa bluu, keki bluu, pichi imekuwa kama kijivu, na mwali wa watu uso wake kwenye picha unaonekana kama ana homa. Mama yake alinishukuru kwa adabu tu, mie nikalia njiani. Jua likipita kwenye turubai la rangi, ile rangi inamwagikia kila kilichopo chini yake, na hakuna pambo linaloshindana nayo. Kwa hiyo lipia tenti nyeupe mapema, andikishaneni kwamba ni nyeupe, na ukaione kwa macho siku moja kabla. Kama nyeupe haipatikani kabisa, bora ukose tenti uchelewe kuanza mpaka jua lipoe, ila mwezi wa 12 vuli inaweza kuwa bado haijakatika, kwa hiyo tafuta nyeupe.

Sasa ukuta. Mdogo wangu, usipake. Kwanza harufu ya rangi mpya na chakula haviendi, pili kijani na lavenda sio maadui. Ukienda Arusha mwezi wa 10 au wa 11 ukaona maua ya mijakaranda yamedondoka kwenye nyasi mbichi utanielewa, ile zambarau isingependeza vile kama chini pangekuwa saruji. Shida ya ukuta wa kijani inakuja pale unapouficha nusunusu na vitambaa vifupi, hapo unaonekana unaona haya. Funika sehemu moja tu, pale anapokaa mwali, na pafunike sawasawa mpaka chini. Kwengine kote uache ukuta na uongeze kijani kingine: majani ya mchikichi, makuti mabichi, vyungu vya maua vya majirani mkaviazima. Ukuta utaonekana ulichaguliwa.

Pazia la nyuma ya mwali nikupigie hesabu kabisa. Chukua upana wa mita 3 na urefu wa mita 2 na nusu. Satini nyingi zina upana wa kama mita moja na nusu, na pazia likitandazwa bila mikunjo linaonekana kama shuka limeanikwa, linataka kitambaa mara mbili ya upana. Kwa hiyo vipande vinne, kila kimoja mita 2 na nusu, jumla mita 10. Satini inang'aa na kurudisha mwanga wa flashi, ukiweza nunua krepu au shifoni yenye bitana, inatulia zaidi kwenye picha. Fundi apige tu pindo la juu la kupitishia bomba au kamba. Usigundishe wala usipige misumari, kwa sababu kitambaa hiki utakihitaji mwezi wa 2. Na goldi iwe chumvi. Fremu ya kioo, trei ya zawadi, utepe kwenye kiti cha mwali, imetosha. Goldi ikizidi inamzidi mwali mwenyewe.

Na lavenda ina ugonjwa wake mmoja, taa ya njano inaiua. Manjano na zambarau zinapingana, ukiwasha zile taa za njano lavenda inakuwa kama majivu yaliyolowa. Kadi itasema saa nane, wote tunajua mwali atatoka saa kumi na moja na keki itakatwa usiku. Kwa hiyo usiichague rangi mchana dukani. Chukua kipande cha kitambaa, kitundike hapo uani kwenu saa kumi na mbili na nusu jioni, washa taa zenu, kaa mbali ukiangalie, kipige picha na simu. Kama kimekufa, ongeza uzito wa zambarau kidogo au badilisha taa ziwe nyeupe zile zisizokuwa kali. Na kiti cha mwali kisitazame mahali ambapo jua la jioni linakuwa mgongoni kwake, simu zote zitatoa kivuli cheusi badala ya uso.

Baluni sizipendi sana kwa joto la Dar ila najua mtaziweka tu, basi ziweke kwa akili. Mnyororo wa baluni mita moja unakula kama 30 mpaka 50 ukichanganya kubwa na ndogo, kwa hiyo usiniambie utazungusha uwanja mzima na pakiti moja. Hewa ndani ya baluni inatanuka jua likipiga, na baluni la rangi nzito linavuta joto zaidi, ndo maana zinaanza kupasuka moja moja wakati mama anaombea watoto dua. Zijaze kwa pampu, zisifike mwisho, ziache laini kidogo, na zining'inie kivulini asubuhi ya siku yenyewe. Zikikaa juani hata zisipopasuka zinapoteza ule mng'ao zinakuwa na ukungu. Na vipande vilivyopasuka viokotwe hapohapo, mtoto mdogo akimeza kile kipira anaweza kukabwa.

Hela ya baluni ukiigawa nusu ukanunua asumini utanishukuru. Vitumba vyake vinatungwa mchana vikiwa bado vimefumba, vinafunguka jioni, kwa hiyo harufu inaanza kupanda palepale mwali anapotoka. Kama mtachukua na waridi, yakate vikonyo mshazari, ondoa majani yote yanayozama kwenye maji, yalale usiku mzima kwenye ndoo sehemu ya baridi.

Nimefika kwa mama yenu, na naomba msimchukulie kama kikwazo. Mama anachotaka ni chenye thamani kuliko vyote hivi, mwali afundwe. Tatizo ni kwamba mnataka mambo mawili yakae kwenye uwanja mmoja na rangi moja. Yatenganisheni. Sebuleni toeni masofa, tandikeni mikeka, na hapo rangi iwe ya kisutu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, kanga ya harusi tangu enzi za bibi zetu. Mwali afunikwe kanga, akae chini na somo, yule kungwi wake, na wazee, chetezo cha udi kwenye kona salama mbali na pazia, simu zote zikusanywe kwenye beseni mlangoni. Hapo hapahitaji pambo hata moja. Yale maneno sio ya kamera, na wazee watasema ya moyoni wakijua hayatazunguka kwenye magrupu usiku uleule. Yakiisha, mwali anabadilishwa, anatoka nje kwenye lavenda yake, vigelegele, muziki, zawadi za masufuria na mtungi wa gesi. Ule mtoko kutoka kwenye kisutu kuingia kwenye zambarau, mdogo wangu, watu hulia. Niliifanya kwa mara ya kwanza kwa sababu mama na binti walikuwa wamegombana kama nyinyi, sasa familia zinaniomba wenyewe.

Ila kuna kitu kimoja cha kuangalia, majina ya kanga. Soma maandishi kabla ya kununua, yote. Kanga ya mafumbo ya mke mwenza haifai kumfunika mwali hata kama rangi imekubali, na ukweni watasoma, wasiwe na shaka na wewe.

Chakula kiache kiwe chakula, pilau isitiwe rangi ya mtu. Meza ipate zambarau yake kwenye vinywaji, juisi ya rozela ya baridi kwenye jagi la kioo inapendeza mno na inakaribia kabisa. Keki mwambie muokaji aje nayo jioni na ikae ndani, aisingi ya zambarau ikikaa kwenye mwanga, ule wekundu wake unapauka, inabaki bluubluu, na mwezi wa 12 siagi haivumilii uani. Vya kufungasha wageni tumieni vikapu vya ukili au mifuko ya karatasi, rambo zimepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019 na sio vizuri shughuli ya heri ikaanza na faini. Na kabla ya wiki ya shughuli pita kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa uchukue kibali na uwaambie mtafunga muziki saa ngapi, halafu majirani wa pande zote waambie kwa mdomo wako, kadi peke yake haitoshi.

Haya, beibi shawa ya wifi yako. Ndiyo, vitu vilevile vinafaa, na hapa lavenda mmebahatika kwa sababu haijagawiwa kwa kike wala kiume. Hata hiyo pinki ya wasichana na bluu ya wavulana si sheria ya mahali popote, Marekani kwenyewe mwaka 1918 gazeti moja la wafanyabiashara wa nguo za watoto liliandika kinyume, pinki ya mvulana, bluu ya msichana. Toa goldi yote, pazia lilelile liongezee nyeupe na majani mabichi, hakuna atakayesema ni lile la mwezi wa 12. Vile vilemba vifueni kwa mkono na maji ya baridi, mkavianike kivulini.

Lakini kabla hujagusa pazia, muulize mama mkwe wa wifi yako. Zipo familia, hasa za pwani, ambazo hazipendi kumshangilia mtoto kabla hajafika, wao furaha yao wanaiweka arobaini. Kama ndivyo, fanyeni arobaini ya lavenda, mtoto mwenyewe akiwepo, hamjapoteza kitu. Mjamzito hawezi kufurahi akijua mkwewe amekaa kule ndani roho inamdunda.

Na kama wamekubali iwe mwezi wa 2, ujue ni joto kali. Kiti cha mama mtarajiwa kiwe na mgongo wa kuegemea na kigoda cha kupandishia miguu, feni imwelekee, njia ya chooni iwe wazi bila waya wala viti. Udi usichomwe karibu yake, wengi wakiwa na mimba harufu inawageuza tumbo hata kama siku zote waliipenda. Rangi za kopo za kupulizia vyombo zisipulizwe ndani ya nyumba anayolala. Zile punje zinazong'aa za kumwaga mezani acheni kabisa, zinakaa kwenye nguo na mikeka miezi, na mtoto anakuja kulala humohumo. Wageni waambie walete doti za kanga, beseni, pampasi za saizi tofauti na sio zote za mtoto mchanga, kanga za rangi yoyote mzitundike kwenye kamba nyuma yake, zikichanganyika na pazia la lavenda hapo ndo pambo lenyewe na siku ya pili anazikunja zikambebee mtoto.

Jumamosi hii nenda Kariakoo asubuhi, usinunue chochote, omba vipande vitatu vya zambarau tofauti, vya kiganja tu, wauzaji wanakata bure ukiongea nao vizuri. Jioni vitundike kwenye huo ukuta wenu wa kijani, muite mdogo wako na mama yako wakae pamoja kwenye ngazi waviangalie mpaka taa ziwake. Kile watakachokinyooshea mkono wote wawili, nitumie picha yake na vipimo vya uwanja, ntakuchorea mahali pa kuweka kila kitu.